Video Yetu Ipite Barrière Gani?

  Toleo lililopita tuliongea juu ya watoto wanaochelewa masomoni. Leo tuko na swali la vijana wenyewe. Wametuuliza darasani, kwenye bomba la maji, hata baada ya misa: «Mwalimu, mtu akitengeneza video yake ndogo aiweke wapi? YouTube imejaa watu wakubwa. Hakuna njia ingine?»

Swali hilo linatugusa, maana sisi walimu wa kujitolea pamoja na vijana sita tunatengeneza video. Ni za hesabu, dakika tatu tatu. Sababu mnaijua. Watoto wengi waliopita Grande Barrière na Petite Barrière wakati wa vita vya Goma, Januari 2025, walikuwa wamezoea kusoma kwa Kiswahili na Kifaransa. Huku Rwanda shule zinafundisha kwa Kiingereza, kufuatana na uamuzi wa serikali wa mwaka 2008. Basi mtoto anajua kugawanya vizuri kabisa, lakini ukimwandikia neno la Kiingereza la kugawanya anakaa kimya kama hajawahi kuona namba. Video zetu zinamwonyesha hesabu moja kwa lugha tatu. Ni kazi ndogo, lakini watoto wanaipenda.

Tena kuna jambo lingine linalotufanya tuandike. Mama mmoja alitufikia, akasema: «Mwalimu, huyu kijana wangu anakula simu. Na sisi tutakula nini?» Kijana alikuwa amechukua hela ya mafuta ya kupikia akanunua mega ili apandishe video zake, akitumaini zitarudisha hela. Kwa hiyo maneno ya leo ni ya wazazi pia, si ya vijana peke yao.

TUANZE NA HESABU YA YOUTUBE

YouTube ilianza mwaka 2005. Kwa miaka mingi hata mtu mdogo aliweza kuweka matangazo kwenye video zake akapata senti mbili tatu. Januari 2018 walibadilisha sheria: ili ushiriki faida ya matangazo lazima uwe na watu 1,000 waliojiandikisha kwenye chaneli yako, na video zako ziwe zimetazamwa saa 4,000 ndani ya miezi 12. Mwaka 2023 walifungua ngazi ya chini, watu 500 na saa 3,000, lakini hiyo ngazi haikuleta hela ya matangazo. Ilikuwa ya michango ya watazamaji na mambo kama hayo. Iko pia njia ya video fupi sana, lakini inadai kutazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90.

Tulichukua hizo saa 4,000 tukazipeleka ubaoni. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Video yetu ni dakika tatu. Kwa hiyo lazima itazamwe yote, mwanzo hadi mwisho, mara 80,000. Darasa letu liko na wanafunzi 60. Kila mmoja angetazama mara 1,333 na zaidi. Hata akitazama kila siku bila kuruka Jumapili wala sikukuu, itachukua zaidi ya miaka mitatu na nusu, wakati YouTube inataka ndani ya mwaka mmoja. Mwanafunzi mmoja akainua mkono: «Mwalimu, na betri nani atachaji?» Wote wakacheka.

Hatusemi YouTube ni mbaya. Ni nzuri kwa kujifunza, na wengi mmejifunza kushona na kutengeneza simu kutoka kwake. Tunasema tu kwamba mtu mdogo asiifanye kuwa shamba la kumlisha mwezi ujao.

NJIA ZINGINE ZILIZOPO

Basi tukaangalia njia zingine. Tunawapa kwa ufupi.

Dailymotion ilianzia Paris mwaka huohuo wa 2005. Watu waliozoea Kifaransa wanaijua. Mtazamaji hahitaji kujiandikisha ili aangalie.

Vimeo ilianza Marekani mwaka 2004. Wenye kutengeneza filamu nzuri wanaipenda, lakini anayetaka kuweka kazi nyingi hulipa. Kwa mfuko wetu tukaiacha hapo.

TikTok mnaifahamu kuliko sisi. Kuonekana kule ni rahisi kidogo, kwa sababu video ya mtu asiyejulikana inaweza kupelekwa kwa watu wasiomfuata. Hela ni habari ingine. Mpango wao wa kulipa watengenezaji, uliotangazwa rasmi mwaka 2024, ulidai wafuasi 10,000, kutazamwa mara 100,000 ndani ya siku 30, umri wa miaka 18, na video inayozidi dakika moja. Tena ulianza na nchi chache kama Marekani, Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Japani, Korea Kusini na Brazil. Rwanda na Kongo hazikuwa humo. Kijana anayewaambia wazazi kwamba TikTok itamlipa mwisho wa mwezi, mwombeni awaonyeshe nchi yake iko wapi kwenye orodha.

PeerTube ni ya namna ingine kabisa. Ilitengenezwa na chama cha Ufaransa kinachoitwa Framasoft, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2018. Si nyumba moja ya tajiri mmoja. Ni kama vijiji vingi, kila kijiji na seva yake na chifu wake, na vijiji vinaweza kuonyeshana video. Haikuundwa kwa matangazo. Jambo moja la kuangalia: watazamaji wanaweza kupitishiana vipande vya video, kwa hiyo mega za mtazamaji zinaweza kumtumikia na jirani asiyemjua. Unaweza kuzima hilo kwenye mipangilio. Lizime.

Halafu kuna WhatsApp na Telegram. Mtasema hayo si majukwaa ya video, ni ya kuandikiana. Subirini kidogo.

VIDEO MOJA, KILOMITA CHACHE, NCHI MBILI

Tulitaka kujua kwa macho, si kwa kusikia. Tukaomba ruhusa ya kutoka kambini, tukaenda Gisenyi siku ya Jumamosi, tukakaa upande wa ziwa, si mbali na Grande Barrière. Tulichagua pale kwa sababu mbili. Mtandao ni mzuri. Na watu tunaowatengenezea video wako pande zote mbili: watoto wako huku, mashangazi na binamu wako Goma, pengine mwendo wa nusu saa tu kwa mguu.

Anayeijua sehemu ile anajua simu inavyochanganyikiwa. Unapiga hatua chache unapata mtandao wa Rwanda, unageuka unapata wa Kongo. Usipoangalia, simu inajiunga yenyewe na mtandao wa nchi ya pili na initi zinakwisha bila wewe kuongea neno. Ukifika pale, ingia kwenye mipangilio, zima data ya nje ya nchi, na chagua mtandao wako kwa mkono.

Watu wa Goma walio karibu na mpaka wamelijua jambo hilo zamani. Wengi wako na laini mbili, ya Kongo na ya Rwanda, na wanatumia ile iliyo nafuu au yenye nguvu siku hiyo. Intaneti ya Goma ilipokatika mwishoni mwa Januari 2025, baadhi yao laini ya Rwanda ndiyo iliwawezesha kuwaambia ndugu kwamba bado wako hai. Hawakungoja mtandao mmoja upone. Walishika ule uliopatikana.

Basi tukachukua video moja, ya kugawanya, tukaipandisha sehemu nne. Halafu tukawaandikia watu watatu: shangazi wa mwenzetu anayekaa Himbi, binamu anayeuza mitumba Birere, na koko mmoja mwenye kitochi tu, anayelea wajukuu wawili.

Shangazi alijibu kwanza. «Watoto wangu, ile ya WhatsApp nimeiona, nimeituma na kwa majirani. Zile zingine mlizotuma ni maandishi ya bluu, nikigusa inazunguka.» Tukamwomba ajaribu tena. Jukwaa moja lilimletea tangazo refu kuliko somo lenyewe, lingine likamwomba ajiandikishe. Akatuambia: «Mimi nataka kuona hesabu ya mtoto, sitaki kujiandikisha kama kwenye kura.»

Binamu ana simu nzuri na laini ya Rwanda. Yeye alifungua zote nne. Ila kwenye jukwaa moja, video yetu ilipokwisha, simu ikamletea nyingine yenyewe: mtu akitukana kabila la wenzake. Binamu akatuandikia: «Muangalie mnawapeleka watoto wapi.» Neno hilo lilitushika. Sisi tunajua maneno ya chuki yanapoanzia na yanapoishia. Jioni ileile tukaitoa video yetu pale. Jukwaa dogo lisilo na mwangalizi linaweza kukupa uhuru, lakini angalia nani amekaa kando yako kwenye benchi.

Koko je? Kwake hakuna jukwaa lililofika. Lakini mama mmoja anayevuka kila siku na biashara yake alikubali kubeba kadi ya memori. Fundi wa simu aliye karibu na koko akaiingiza kwenye simu ya jirani. Siku tatu baadaye tukapata sauti ya mjukuu akihesabu kwa Kiingereza, kwa haraka kama anafukuzwa. Hatukujua kama amepata jibu la kweli, lakini tulifurahi.

Sasa mtaelewa kichwa cha habari yetu. Grande Barrière iko na lami, magari na wageni wa hoteli za ziwani. Petite Barrière ndiyo inayopitisha umati wa miguu, mama na kikapu, kijana na mkokoteni. Mtu wa nje akifika atasema ile kubwa ndiyo muhimu. Mama wa nyanya na maharagwe hatakubali. Na video ni hivyohivyo: usiulize barrière gani ni kubwa, uliza watu wako wanapita wapi.

UZITO WA MZIGO

Video yetu ilivyotoka kwenye simu ilikuwa na megabaiti 48. Tuliipunguza ukubwa wa picha hadi ikabaki 9, na maandishi ya ubaoni bado yanasomeka. Kwa mega zilezile ambazo mtu mmoja angetumia kuangalia ile nzito, sasa wataangalia watano na kubaki. Kwa hiyo andikeni kwa herufi kubwa ubaoni, simameni karibu na simu, ongeeni kwa nguvu. Mzigo mwepesi ndio unaovuka.

Na mkitaka kutuma kwa WhatsApp bila picha kuharibika, tumeni kama hati. Tangu mwaka 2022 wanaruhusu faili hadi gigabaiti 2. Lakini kumbukeni mpokeaji ndiye atalipa uzito huo. Mwulizeni kwanza.

MTU WA KAMPALA

Tuwape mfano wa mtu mdogo aliyefika mbali. Isaac Nabwana alikuwa akifyatua matofali Wakaliga, mtaa wa maskini wa Kampala. Pamoja na majirani alianza kutengeneza filamu za mapigano, bunduki za mbao na vyuma chakavu, kompyuta ya kuungaunga. Filamu yake «Who Killed Captain Alex?» ya mwaka 2010 inasemekana iligharimu chini ya dola 200. Aliiuzaje? Wachezaji wenyewe walitembea mitaani na DVD, nyumba kwa nyumba. Kionjo chake kikawekwa YouTube na dunia ikakigundua. Mwaka 2015 aliomba msaada wa dola 160 tu kwenye tovuti ya michango ya Kickstarter ili atengeneze filamu nyingine. Watu wakatoa zaidi ya dola 13,000.

Vijana wanapenda kusikia hizo dola. Sisi tunataka mwone mambo mawili mengine. Kwanza, alikuwa tayari na watazamaji wa mtaani kwake kabla ya intaneti kumjua. Pili, nakala ya asili ya filamu ile haipo tena. Kompyuta haikuwa na nafasi, ikabidi afute ili atengeneze filamu iliyofuata. Inayoangaliwa duniani leo ni ile yenye sauti ya VJ Emmie akieleza na kuchekesha juu yake. Ile ya kwanza imepotea moja kwa moja.

Hata majukwaa yenyewe yanakufa. Google Video ilifungwa mwaka 2012. Vine, iliyopendwa na vijana wengi duniani, ilifungwa Januari 2017. Vidme, iliyokuwa ikijitangaza kama kimbilio la watengenezaji wadogo, ilifunga mlango Desemba 2017. Aliyekuwa ameweka kazi yake hapo tu, bila nakala nyumbani, alikuwa hatarini kuipoteza. Sisi wakimbizi hatuhitaji kufundishwa maana ya kuacha vitu vyote nyumba moja.

SHUKA UKUTANI

Na msisahau jukwaa la zamani kuliko yote: watu kukaa pamoja. Shirika la FilmAid lilianza mwaka 1999 kwa kuwaonyesha filamu wakimbizi wa Kosovo, baadaye likafika Kakuma na Dadaab, Kenya, na kitambaa kikubwa cheupe usiku. Goma nako, Petna Ndaliko Katondolo na wenzake wa Yole!Africa walifundisha vijana kushika kamera na kuonyesha filamu kwa watu wa mji. Mwezi uliopita tulifunga shuka darasani na kuazima projekta. Watoto walijaa mpaka madirishani. Hakuna aliyelipa mega. Tena walipokosea, mwalimu alikuwepo kuwajibu, kitu ambacho hakuna jukwaa lililotupa.

SURA YA MTU SI MALI YAKO

Hapa tunaongea kwa ukali kidogo. Kuna wanaojua kwamba video ya watu wanaokimbia inatazamwa sana kuliko hesabu ya kugawanya. Ni kweli, inatazamwa. Lakini yule mama unayemrekodi akilia na mzigo kichwani pengine anakimbia mtu anayemtafuta. Ukiirusha leo, kesho mtu huyo anajua amefika wapi na amevaa nini. Mara moja ikitoka, haina barrière ya kuizuia.

Kwa hiyo sheria za kundi letu ni hizi. Haturekodi mpakani, pale hairuhusiwi, na hata pangeruhusiwa tusingefanya. Haturekodi sura ya mtoto bila mzazi kukubali kwa mdomo wake, akijua itaenda wapi. Hatutaji jina lote, namba ya nyumba wala ukoo. Kwenye video zetu zinaonekana mkono, chaki na ubao tu. Watu watatuona wachache? Sawa.

TUNAWASHAURI NINI

1. Tafuta watu wako kwanza, hata kumi, halafu uliza wanatumia nini. Jukwaa lifuate watu.
2. Weka kazi sehemu mbili: moja ya watu wako wa karibu, kama WhatsApp au Telegram, na moja ya wazi ambapo mgeni anaweza kuipata bila kujiandikisha. Sisi tumebaki na YouTube na PeerTube kwa wageni, WhatsApp na kadi ya memori kwa ndugu.
3. Nakala ya asili ibaki kwako, kwenye kadi mbili, na kadi moja ikae kwa mtu mwingine unayemwamini.
4. Kabla ya kuingia jukwaa jipya, angalia video zinazokaa karibu na yako. Mkikuta matusi ya kabila, ondokeni.
5. Hela ya chakula isiguswe. Video ingoje siku yenye mtandao wa bure au zamu ya simu ya kundi. Kijana akikwambia amepata jukwaa linalolipa, mkae wote wawili msome masharti, mfanye hesabu kama ile ya saa 4,000. Na anayedai mlipe kwanza ndipo muanze kulipwa, mkimbieni.

Kwa yule mama wa hela ya mafuta: tumeongea na kijana wako. Hajaacha video, na hatukumwambia aache, kwa sababu ana jicho zuri na mkono usiotetemeka. Amekubali kurekodi masomo yetu kwa simu ya kundi, na mega zinatoka kwenye mchango wa walimu. Hatujui kama siku moja itamlipa. Ila wiki iliyopita mtoto wa darasa la tatu alimsimamisha njiani akamwita mwalimu, akaomba aelezwe sehemu ya mwisho. Alieleza palepale, kwa kijiti chini kwenye vumbi.

Wenye maswali au wenye majina ya majukwaa tusiyoyajaribu, yaleteni kwenye sanduku la jarida mbele ya ofisi ya shule. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya daftari moja kutumika masomo mawili. Mbaki na amani.

Walimu wenu wa kujitolea